MRI na Kina cha Saratani ya Kibofu

Saratani ya kibofu cha mkojo huanzia kwenye utando wa ndani. Ikiwa bado haijaingia kwenye msuli, daktari huikwangua kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, na wagonjwa wengi huwekewa BCG humo humo kibofuni, dawa ileile ya chanjo ya kifua kikuu. Ikishaingia kwenye msuli, yaani hatua ya T2, huenda kibofu kizima kikatolewa, au mgonjwa akapewa mionzi pamoja na dawa za saratani. Tofauti ni kubwa mno kuachiwa makisio.

Kwa miaka mingi jibu la kama msuli umevamiwa lilitegemea kinyama kinachokatwa kibofuni na kupimwa maabara. Lakini kinyama kisichogusa msuli hakiwezi kusema lolote kuhusu msuli. Picha za CT huonyesha matezi na viungo vya mbali, ila haitenganishi tabaka za ukuta. MRI, inayotumia sumaku kali badala ya mionzi, huzitenganisha: msuli huonekana kama mstari mweusi. Mstari ukiwa mzima chini ya uvimbe, ni dalili njema. Ukikatika, saratani imeelekea kuingia kwenye msuli. Picha nyingine ya MRI hufuatilia mwendo wa maji, na hapo saratani hung'aa kwa sababu seli zake zimesongamana. Ya tatu hupigwa baada ya sindano ya gadolini, ambayo uvimbe huwahi kuinyonya kuliko msuli.

Tangu 2018 wataalamu hutumia mfumo wa VI-RADS, wenye alama 1 hadi 5. Alama 1 ina maana msuli karibu hakika u salama. 5, uvamizi una uwezekano mkubwa sana. Alama 3 ndiyo yenye utata, na kinyama bado kinahitajika.

Kibofu kiwe kimejaa kiasi. Kikiwa kitupu, ukuta hujikunja ukaonekana mnene. Kikijaa kupita kiasi, mgonjwa hawezi kutulia na picha huharibika. Kipimo kitangulie kukwangua, la sivyo zipite angalau wiki 2, maana jeraha jipya hufanana na saratani.

Nchini Uingereza, utafiti wa BladderPath ulianza na MRI kwa waliodhaniwa kuwa na saratani iliyoingia kwenye msuli. Kwa waliokuwa nayo kweli, muda wa kufikia tiba sahihi ulishuka kutoka siku 98 hadi 53.

Penye kichocho cha mkojo, kama pwani ya Afrika Mashariki, tahadhari inahitajika. Kichocho huacha makovu ukutani na huweza kuleta saratani ya aina nyingine, wakati VI-RADS ilitungwa kwa ile ya kawaida ya utando.