Wimbi kwenye mlango wa bandari

Watoto, ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Tanganika mmekwisha kuona mawimbi. Siku ya upepo mkali yanakuja moja nyuma ya jingine, yanapiga mchanga kwa kishindo. Lakini kwa sababu gani wimbi linavunjika karibu na nchi kavu, na mbali ziwani halivunjiki? Habari hii ya bahari itatufahamisha.

Tupa kipande cha mti majini, mbali kidogo na mchanga. Kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, lakini hakiendi mbali. Maana yake maji yenyewe hayasafiri. Yanazunguka tu mahali pake. Kinachosafiri ni nguvu ambayo upepo umeyapa. Wimbi likifika penye maji mafupi, sehemu yake ya chini inakawishwa na mchanga, na sehemu ya juu inaendelea. Ni kama mtu anayekimbia akajikwaa kwenye kisiki: miguu inabaki, kichwa kinatangulia. Basi wimbi linasimama wima, halafu linaanguka na povu jeupe.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la California, kando ya bahari ya Pasifiki, uko mji unaoitwa Newport Beach. Hapo bahari inaingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, na ndani ni bandari. Kila siku maji ya bahari hujaa na kupwa. Yakijaa, yanaingia kwa mlango ule. Yakipwa, yanatoka tena na kuchukua mchanga. Yakiisha kupita mlango, mwendo wake unapungua, na mchanga unaanguka chini. Zamani fungu la mchanga lilifanyika hapo nje, na maji juu yake yalikuwa mafupi. Sasa mmefahamu: pale mawimbi yalisimama na kuvunjika.

Kwa hiyo mahali pale, upande wa Corona del Mar, palipendwa sana na watu wanaoteleza juu ya mawimbi. Mchezo huo ulitoka visiwa vya Hawaii. Mchezaji hulala kifudifudi juu ya ubao mrefu, hupiga maji kwa mikono yake kama kwa kafi. Wimbi likianza kusimama nyuma yake, ubao huteleza kwenye mteremko wa maji, naye huinuka upesi na kusimama kwa miguu miwili. Akikawia, povu linammeza. Mwaka 1928 wachezaji walifanya mashindano yao pale.

Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Duke Kahanamoku, mtu wa Hawaii, aliyezaliwa mwaka 1890. Alishinda mbio ya kuogelea meta 100 katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912, huko Stockholm, na tena mwaka 1920, huko Antwerp katika nchi ya Ubelgiji.

Siku ya Dominika, tarehe 14 Juni 1925, Duke alikuwa pwani pale pamoja na rafiki zake. Bahari ilikuwa imechafuka. Chombo cha wavuvi, jina lake Thelma, kilikuwa kwenye mlango wa bandari. Mawimbi makubwa yakakipiga, yakakipindua, na watu wakatupwa majini. Duke alitwaa ubao wake, akaingia baharini. Aliwapandisha watu juu ya ubao, akawaleta nchi kavu, akarudi tena, na tena. Yeye peke yake aliokoa watu wanane. Rafiki zake waliokoa wanne. Wengine walikufa maji.

Mwogeleaji akimshika mtu anayezama, mara nyingi yule humkaba kwa hofu, na wote wawili huweza kufa. Lakini ubao huelea, humpa mtu kitu cha kushika. Siku hizi walinzi wa pwani katika nchi nyingi hutumia ubao kuokoa watu.

Lakini ubao haukuondoa hatari ya mlango ule. Wajenzi walirefusha kuta za mawe pande mbili za mlango, wakachimba mchanga ili maji yawe marefu. Kazi ilimalizika mwaka 1936, na vyombo vikapata njia nzuri. Na wimbi je? Likapoteza nguvu zake, kwa maana penye maji marefu halisimami. Wachezaji walisikitika, wakaenda kutafuta mawimbi pengine. Wimbi lile lile lililowafurahisha ndilo lililowaua wavuvi. Haikuwezekana kuondoa hatari na kuacha mchezo.

Mito yetu pia huweka mchanga pale inapoingia ziwani. Ukiwa ndani ya mtumbwi, na mbele ya mlango wa mto ukaona mstari wa povu jeupe, mwambie anayepiga kafi: «Baba, pale maji ni mafupi.»

Maswali
1. Kwa sababu gani wimbi linavunjika penye maji mafupi?
2. Mchanga ulifikaje nje ya mlango wa bandari?
3. Ubao ulimsaidiaje Duke kuokoa watu?
4. Kwa nini wachezaji walihama baada ya mwaka 1936?