MAZOEZI YA KUOGELEA KWA VIJANA: MTINDO WA KIFUA

Walimu wa skuli, viongozi wa vilabu na wazazi wanakumbushwa kwamba kuogelea, kwa watu wa visiwa, si mchezo tu. Ajali za MV Spice Islander, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012, zingalimo nyoyoni mwetu. Kijana wa Unguja na Pemba hana budi kuyajua maji.

Katika mitindo minne ya mashindano, mtindo wa kifua ndio wa polepole kuliko yote. Hata hivyo, muogeleaji huinua uso kila avutapo maji, akapumua na kuona aendako. Kwa hiyo humfaa kijana mashindanoni na kwengineko.

Ifahamike kwamba nguvu nyingi za mtindo huu hutoka miguuni. Vijana waliojifunza wenyewe pwani aghalabu hupiga mguu mmoja mbele na mwengine nyuma, mfano wa mkasi. Mashindanoni kosa hilo humtoa mtu. Basi mazoezi yaanze na miguu.

Wanaofanyia mazoezi baharini watazame mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mkondo huwa mkali. Siku za maji mafu ni bora zaidi. Maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo saa ya mazoezi haiwezi kuwa ile ile wiki nzima. Pachaguliwe mahali ambapo maji hayapiti kifua na vyombo havipiti. Awepo mtu mzima ajuaye kuokoa, asiye na kazi nyengine ila kuwaangalia na kuwahesabu watoto.

Mpango wa dakika 60 unashauriwa uwe hivi:

(a) Dakika 10: kunyoosha viungo, kisha kuogelea taratibu.

(b) Dakika 15: miguu. Kijana ashike ubao wa kuelea, avute visigino kuelekea makalio, ageuze nyayo nje, asukume maji kwa duara, kisha akutanishe miguu. Magoti yasitanuke kupita kiasi.

(c) Dakika 10: mikono na pumzi. Mikono itanuke, ikutane chini ya kidevu, isivutwe hadi kupita nyonga. Pumzi ivutwe kichwa kinapoinuka, itolewe uso ukiwa majini.

(d) Dakika 15: mtindo kamili, kwa mpangilio wa kuvuta, kupumua, kupiga miguu na kuteleza. Kijana ahesabu mapigo yake katika mita 25, na wiki ifuatayo ajaribu kuyapunguza bila ya kuharakisha.

(e) Dakika 5: kugusa ukuta, au kamba iliyofungwa kwenye maboya, kwa mikono miwili kwa pamoja, kama sheria ya mashindano inavyotaka.

(f) Dakika 5: kuogelea polepole, kutoka majini na kuhesabiwa tena.

Kijana anayelalamika maumivu upande wa ndani wa goti apumzishwe, wala asiambiwe avumilie. Pigo la mtindo huu hulielemea goti, na madhara huzidi miguu inapokosewa au inapozidishwa.

Mwalimu asiongeze masafa kabla ya miguu kusahihika, kwani kosa likirudiwa kila siku hugeuka mazoea. Samaki mkunje angali mbichi.