Gari Lasema, Sisi Twanyamaza

Mji wa Eldoret, ambao walowezi waliuita 64 kwa nambari ya shamba ulipoanzia, ndiko nilikokwenda juzi kumjulia hali mpwa wangu. Akaja kunipokea kwa gari lake, lililokwisha tumika Japani.

Kabla hatujafika mbali, gari likalia, kisha sauti ya mwanamke ikasema maneno.

“Asemaje huyu?” nikauliza.

“Sijui, Mjomba. Ni Kijapani,” akajibu huku akicheka.

Nyuma ya kioo cha mbele mlikuwa na kamera. Hiyo husoma mistari ya barabara na kupima umbali wa gari lililo mbele. Dereva akikaribia mno humwonya, na asiposikia, gari hujifungia breki lenyewe. Lakini kioo kile kilikwisha pasuliwa na jiwe, na fundi akatia kingine asiirekebishe kamera. Ikipotoka kidogo tu, hukosea kipimo. Ndiyo sababu taa ya njano ilikuwa haizimiki.

Kumsaidia dereva kwa mitambo si jambo geni. Kifaa cha kushika mwendo mmoja bila kukanyaga mafuta, kilichoingia magarini mwaka 1958, kilibuniwa na Mmarekani kipofu, Ralph Teetor. Japani ilianza kulazimisha breki za kujifunga katika aina mpya za magari madogo Novemba 2021. Na kwa kuwa Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, magari hayo yatazidi kutufikia.

Sisi sheria yetu ilianza na chombo chepesi zaidi. Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilitaka kila matatu iwe na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kanuni ilikuwa njema. Lakini kidhibiti kina waya, na waya hukatwa.

Hayo si ya kusimuliwa. Katika matatu iliyonileta kutoka Nairobi niliketi kando ya dereva. Tulipopita Burnt Forest mshale ulikuwa umevuka mia. Abiria sote tukashika viti, kila mmoja na dua yake moyoni. Hakuna aliyesema, “Dereva, pole pole.” Hata mimi, mtu mzima niishiye kwa maneno, sikusema.

Basi na wakaguzi wakague kamera kama wakaguavyo breki na taa; wauzaji watutafsirie maonyo; na barabara zichorwe mistari, kwani kamera haisomi kisichoandikwa. Lakini hayo yote hayatatufaa iwapo sisi wenyewe tutabaki mabubu. Lile gari la mpwa wangu lilijua hatari likasema, ijapokuwa kwa lugha isiyoeleweka. Sisi, wenye Kiswahili fasaha, tulinyamaza hadi stendi ya Eldoret, tukamlipa dereva, tukamwambia ahsante.