Kasa si Kobe: Maumbile na Uhifadhi wa Kasa Ngozi

Aghalabu magazeti na vitabu vya shule humwita kasa "kobe wa baharini". Mkaazi wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale ulio jirani na Ngome ya Yesu, hana haja ya jina hilo la kuazima. Kobe ni wa nchi kavu na huficha kichwa gambani. Kasa ni wa bahari, miguu yake ni makafi ya kuogelea, na kichwa chake hakiingii ndani.

Katika bahari ya Kenya mna aina tano za kasa. Tatu hutaga katika fuo zetu, wakiwamo kasa wa kawaida na ng'amba. Kasa ngozi hupita tu akitafuta chakula. Fuo zake za kutagia zimo KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na kusini mwa Msumbiji.

Huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Mmoja aliyekutwa pwani ya Wales mwaka 1988 alikuwa na uzito wa kilo 916. Hana gamba gumu, bali ngozi nyeusi iliyotandwa juu ya vifupa vidogo vidogo, yenye matuta saba ya urefu. Kwa umbile hilo hustahimili shinikizo la maji apigapo mbizi kupita mita 1,000. Aidha, mwili wake huhifadhi joto hata katika bahari baridi.

Chakula chake kikuu ni konyeza, na hapo ndipo penye msiba. Mfuko wa plastiki uelekeapo majini hufanana na konyeza. Akiumeza, huziba matumbo. Tena, kasa hupumua hewa: akinaswa katika jarife, hufa maji. Mwaka 2013, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliorodhesha kundi la kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, na tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Hata hivyo, chupa na vifungashio vitupwavyo vichochoroni bado huchukuliwa na mvua hadi baharini.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Mvuvi akiripoti "kobe wa baharini", mtafiti hajui ni aina gani iliyonaswa. Majina kama ng'amba, duvi na kigome ni elimu iliyohifadhiwa vinywani mwa wavuvi. Tuyaandike mapema, kwani kisicho na jina ni vigumu kukitetea.