Safari Huanza Jioni ya Jana

Masomo: Kutoka 12:33–39, Isaya 52:12, Luka 10:38–42

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama uko safarini, ni vizuri zaidi, maana leo tutazungumza juu ya haraka ya siku ya safari.

Kabla ya kuitwa katika kazi ya kuhubiri, nilikuwa dereva. Niliendesha gari la hospitali moja ya misheni kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, upande wa Meru. Hapo aliishi daktari mmoja mgeni, na mkewe, na watoto wao watatu. Walikuwa wametoka Uingereza kuja kutumika pamoja nasi. Kila baada ya muda walipewa likizo kwenda kuwaona wazazi wao, na mimi ndiye niliyewapeleka hadi uwanja wa ndege wa Nairobi.

Wageni wa namna hii si jambo geni kwetu. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Meru mwaka 1912, nayo misheni ya Waskoti ilianza Chogoria mwaka 1922. Wazee hao wa kwanza waliposafiri kwenda kwao, walishuka hadi reli, wakaenda Mombasa kwa gari la moshi, kisha wakakaa majuma kadhaa melini. Siku moja ya kuchelewa njiani haikuwa kitu kikubwa. Mambo yalibadilika ndege zilipokuja. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Majengo mapya yalifunguliwa mwaka 1978, na uwanja ukapewa jina la Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki mwaka huo huo. Tangu hapo safari ya majuma imekuwa safari ya usiku mmoja. Lakini angalia, ndugu yangu: safari ilipofupishwa, haraka iliongezeka.

Sasa nikueleze yaliyotupata mwezi wa Desemba mwaka 2018.

Ndege ilikuwa iondoke saa tano usiku. Tulipatana kwamba tungetoka nyumbani saa tatu asubuhi, ili tuwe na nafasi kubwa, maana kutoka kwetu hadi uwanjani ni zaidi ya kilomita 200, na Desemba barabara hujaa. Lakini saa mbili na nusu daktari aliitwa wodini. Mama mmoja alikuwa ameshindwa kujifungua, na ilibidi afanyiwe upasuaji. Daktari alikwenda mara moja, wala hakunung'unika. Mama akapona na mtoto akapona, jina la Bwana lisifiwe. Lakini daktari alirudi nyumbani saa nane mchana kasoro dakika kumi, hajala, na simu yake imezimika.

Nataka uelewe jambo hili vizuri. Kuchelewa kwake hakukuwa kosa. Alichelewa kwa ajili ya upendo. Kosa lilianza baadaye, haraka ilipoingia katika moyo wake na kutawala.

Mkewe alikuwa ameweka pasipoti zote na tikiti katika mfuko mdogo wa kitambaa, akauweka juu ya kiti karibu na mlango, ili usisahaulike. Daktari alipokuwa akitoa masanduku kwa haraka, aliuondoa mfuko ule njiani akauweka pembeni ya baraza. Hakuutazama hata ni kitu gani. Mtoto mdogo akalia kwamba anataka kumuaga paka, akakemewa. Mama akauliza, "Tuombe kwanza?" Akajibiwa, "Tutaomba garini." Mlinzi wa lango, mzee wa watu, alikuwa mzito kidogo kulifungua lango, naye akakaripiwa mbele ya watoto. Basi tukatoka.

Kwenye kioo nilimwona yule mzee akitufuata mbio, akipunga mkono juu. Nikapunguza mwendo. Daktari akasema, "Anatuaga tu. Twende." Nikaenda. Nami nilikosa hapo, maana nilikuwa na macho na sikuyatumia.

Tulipofika Marima, mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kwenda daraja la Nithi. Nyinyi wa Meru na Embu mnapajua mahali hapo. Barabara hushuka kwa kona mpaka mtoni, kisha hupanda tena kuelekea Chuka. Dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka, ili injini yenyewe izuie gari. Akikanyaga breki mteremko mzima, hupata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Roho nyingi zimepotea hapo. Hata baada ya safari yetu, Jumapili tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni mahali pale pale, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Daktari akaniambia, "Kaza mwendo, dereva. Mteremko huu utatusaidia."

Ndugu msikilizaji, nilisimamisha gari kando ya barabara. Mikono ilinitetemeka, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na mimi ni mtu wa mshahara. Nikamwambia, "Daktari, nisamehe. Watu wanaoanguka hapa umewashona wewe kwa mikono yako. Sitaki leo mtu mwingine akushone wewe na watoto hawa. Tukikosa ndege, kuna nyingine."

Kulikuwa kimya. Kisha yule bwana akafunika uso kwa mikono yake. Akasema, "Endesha kama unavyojua wewe." Tukashuka polepole, tukavuka, tukapanda. Pale ndipo mama alipoomba, na sote tukasema Amina.

Tuliuvuka mto Thuci, mpaka wa Tharaka Nithi na Embu, na tulifika mjini Embu saa tisa na dakika arobaini. Tulisimama kutia mafuta. Mama akataka tikiti aangalie namba ya ndege. Mfuko haukuwapo! Tukashusha masanduku yote pale kituoni, watu wakitutazama. Bwana akamwambia mkewe, "Kwa nini hukuuangalia?" Mkewe akasema, "Niliuweka mlangoni. Nani aliuondoa?" Wakanyamaza wote wawili. Watoto wakaanza kulia.

Mimi huweka simu yangu sandukuni ninapoendesha. Nilipoitoa niliona nimepigiwa mara nne, zote na mlinzi wetu. Nikampigia. Mzee alisema, "Nilikimbia na mfuko wenu mkononi, hamkunisikia. Nikachukua boda boda mpaka lami, nikampa utingo wa matatu ya Nairobi. Mngojeeni hapo Embu. Namba ya gari ni hii." Nauli ya boda boda aliilipa mwenyewe.

Basi, ule mkono tuliodhani unatuaga ulikuwa umeshika safari yetu yote.

Matatu ile ilikuwa ikishusha na kupakia watu kila kituo, ikafika saa kumi na moja. Utingo akatukabidhi mfuko, hakuna kilichopotea. Tukaondoka tena, tukapita mashamba ya mpunga ya Mwea, tukafika Makutano, na giza likatukuta kabla ya Thika. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ni pana kweli, lakini usiku ule magari yalijaa pande zote mbili, watu wakienda nyumbani kwa Krismasi. Tukapita barabara ya mchepuko ya mashariki, nayo wakati huo ilikuwa nyembamba, malori yamefuatana kama siafu. Tukafika lango la uwanja saa nne usiku. Wakati huo abiria walishuka garini hapo wakapekuliwa kwa miguu, na dereva alipitisha gari upande wake. Walipofika kwenye kaunta ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Imefungwa.

Labda wewe hujasafiri kwa ndege, nawe waona ni ukali mtu kufungiwa kaunta na ndege ingali chini. Si ukali. Kwa safari za nje, abiria huambiwa afike saa tatu kabla, na kaunta hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuruka. Katika saa ile ya mwisho mizigo hupekuliwa na kupakiwa, pasipoti hukaguliwa, uzito huhesabiwa, na orodha ya watu hupelekwa kwa rubani. Ndege moja ikichelewa, wale waliokuwa waunganishe safari huko mbele hukosa ndege zao. Kwa hiyo yule binti wa kaunta alikuwa mpole, lakini hakuwa na la kufanya.

Ndege iliondoka bila wao.

Nikawapeleka nyumba ya wageni ya kanisa. Siku nzima tulikuwa tumeogopa jambo moja tu, kukosa ndege. Sasa tumeikosa, na watoto wamekula wali na maharagwe, wamelala. Hakuna aliyekufa. Walilipa fedha za kubadilisha tikiti, wakaondoka usiku uliofuata. Lakini kabla ya kulala, daktari aliniomba nimpigie mlinzi. Alitaka kuomba msamaha kwa maneno ya mchana. Alipochukua simu, kabla hajatamka neno, mzee aliuliza, "Daktari, mmefika salama?" Yule bwana alishindwa kujibu kwa muda.

Wapendwa, tufunue Maandiko. Katika Kutoka 12 twaona taifa linaondoka usiku kwa haraka, na unga umekandwa bila chachu, umebebwa mabegani. Haraka ile ilikuwa ya usiku mmoja, kwa amri ya Bwana. Lakini katika Isaya 52 nabii anaeleza kutoka kwa namna nyingine. Anawaambia watu wa Mungu kwamba safari hii haitakuwa ya mbio wala ya kukimbizwa, na sababu anaitoa: Bwana mwenyewe anatangulia mbele yao, na Bwana huyo huyo analinda nyuma yao.

Analinda nyuma! Mara nyingi twamwomba Mungu atutangulie, lakini twasahau kutazama nyuma. Siku ile msaada wetu ulikuwa nyuma, kwa mzee tuliyemkaripia langoni. Haraka ilituziba masikio tusisikie sauti ya mtu aliyetumwa kutusaidia. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya haraka. Haikupunguzii njia hata hatua moja. Inakuondolea tu macho ya kumwona jirani. Martha naye hakukosa kwa kupika. Alikosa pale mahangaiko yalipomfanya amlaumu ndugu yake mbele ya Mgeni.

Wala usiseme, "Hayo ni mambo ya wageni." Leo twawasindikiza watoto wetu uwanja ule ule, wakienda masomoni Ulaya na Marekani, au kazini Saudia na Qatar. Kila Desemba twajazana katika matatu za kupanda Embu na Meru, na tukimwona dereva anakwenda taratibu twampigia kelele. Tangu mwaka 2022 kuna barabara ya juu Nairobi inayokufikisha karibu na uwanja kwa dakika chache. Ni jambo jema. Lakini barabara mpya haimponyi mtu haraka ya moyoni.

Basi shika haya. Safari huanza jioni ya jana. Jioni ile weka karatasi zako zote mahali pamoja, na mtu mmoja azitunze, asiziguse mwingine. Ikiwezekana, kama ndege yako ni ya usiku na unatoka mbali, lala Nairobi siku iliyotangulia. Omba kabla ya kupanda gari. Muage kila mtu wa nyumbani, hata mtoto akitaka kumuaga paka. Usimwongezee dereva mwendo, na wewe dereva usikubali kuongezewa. Na ukimwona mtu nyuma yako anapunga mkono, simama.

Yule daktari aliporudi mwezi wa Januari, nilimpokea mimi. Tulipofika langoni hakungoja lifunguliwe. Alishuka, akaenda kwa miguu mpaka kwa mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili, na akamrudishia nauli ya boda boda. Mzee akaipokea, akacheka, akasema, "Sasa ingieni polepole."

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliye mbele yetu na nyuma yetu, tuondolee haraka inayotufanya tusiwaone wenzetu. Walinde madereva wote usiku huu, na wote wanaoshuka Nithi. Wafikishe wasafiri salama, na sisi tulio nyumbani utupe moyo wa kuwakimbilia na kuwasaidia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Ndugu msikilizaji, hadi tutakapokutana tena, Bwana akulinde utokapo na uingiapo.