Kuchora Chipu: Kazi Msee wa Keroka Anaweza Anza na Lapi Tu

Mchongaji wa Tabaka akikata jiwe vibaya, imeenda. Kuchora chipu za analogi ni hivyo hivyo: kiwanda kikishamaliza, hakuna kufuta, na hiyo ni doo mob.

Injinia wa sakiti anakupea mchoro, wewe unapanga kila transista na waya, mingi kwa mkono. Transista mbili pacha, moja ikipata joto kuliko ingine, kipimo kinaharibika. Kwa hivyo kila moja inakatwa vipande viwili, zinakaa A-B-B-A, joto ligawane sawa. Programu itakagua nafasi kati ya waya. Waya gani italetea jirani kelele za umeme, hapo ni jicho lako.

Tangu 2020, Google na SkyWater walitoa bure kanuni za kuchora chipu za nanomita 130. Programu ya Magic pia ni bure. Uko Keroka (ya Kisii ama Nyamira, sisi hatuingilii)? Weka Linux kwa lapi, anza na transista mbili.