Runinga Iliyoganda Kwenye Nembo

Ukiwasha runinga, nembo ya kampuni ikatokea, halafu ikaganda hapohapo au ikajizima na kuanza upya, usikimbilie kuililia. Kioo ni kizima, taa za nyuma ya kioo zinawaka, pawa sapulai inatoa umeme. Mara nyingi kilichoharibika ni programu dhibiti, yaani maelekezo ya kudumu yaliyomo kwenye mazabodi, ambayo prosesa huyasoma kila inapoamka ili ijue imefungwa kioo gani, inasikiliza rimoti gani na inaanza na kazi ipi. Bahati mbaya hapa ndipo wateja wengi huambiwa, "Mama, mazabodi imekufa, tutafute nyingine." Mazabodi iliyohitaji faili tu inageuka spea.

Kwenye runinga za kawaida maelekezo hayo hukaa ndani ya chipu ndogo ya miguu minane, ambayo namba yake huwa na 25. W25Q64, kwa mfano, hubeba megabaiti 8 tu, na zinatosha kabisa. Runinga janja ina mzigo mkubwa zaidi, Android na programu zake zote, kwa hiyo hutumia chipu ya eMMC ya gigabaiti 4, 8 au zaidi, ambayo miguu yake imejificha chini ya tumbo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ugumu wa kazi na bei ya fundi.

Sababu ya programu hiyo kuharibika inayojulikana na wengi ni umeme kukatika wakati runinga inajisasisha. Programu ya zamani imeshafutwa, mpya haijamaliza kuandikwa, na prosesa ikiamka inakuta nusu ya maelekezo. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna utaratibu wa kutunza nakala mbili, ili moja ikiharibika runinga iamke kwa nyingine, lakini si kila mtengenezaji anayeutumia. Nakala mbili zinakula nafasi, na nafasi ni gharama.

Sababu ya pili haizungumzwi sana: chipu yenyewe huchoka. Kila chembe ya kumbukumbu huvumilia kufutwa na kuandikwa upya kwa idadi fulani ya mara, kisha basi. Runinga janja huandika kumbukumbu za matukio yake mchana kutwa, hata ukiwa unatazama taarifa ya habari tu. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla ililazimika kuita tena takriban magari 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani kwa sababu eMMC ya gigabaiti 8 iliyo nyuma ya skrini ya dashibodi ilikuwa inachakaa kwa kuandikwa mno. Kama hilo limelikuta gari la bei ile, runinga ya sebuleni haina kinga.

Na wakati mwingine kosa hutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Juni 2020 deki nyingi za Blu-ray za Samsung zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Wachambuzi walieleza kwamba deki zilikuwa zimepakua kutoka kwenye seva faili dogo la mipangilio lenye kasoro. Kila zilipoamka zililisoma, zikaanguka, zikaamka tena, zikalisoma tena. Kwa kuwa zilianguka kabla ya kufika hatua ya kuunganishwa na intaneti, hakukuwa na njia ya kuzipelekea faili lisilo na kasoro, na ikabidi wateja wazirudishe kutengenezwa. Hakuna waya uliokatika wala kapasita iliyovimba.

Hata hivyo, fundi makini hachomeki flashi kabla ya kushika mita. Volti 5 za stendibai zipo? Volti 3.3 zinazolisha chipu zimetulia au zinayumba? Kapasita moja iliyochoka huleta dalili zilezile za kuganda kwenye nembo, na ukiandika programu mpya juu ya umeme unaoyumba umeongeza tatizo la pili. Baada ya hapo kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Mazabodi nyingi zina njia ya mawasiliano ambayo prosesa huitumia kutoa taarifa za hatua inayopitia. Kwenye zile zenye prosesa za MStar mara nyingi hupitia tundu la VGA. Unaunganisha na laptopu, kasi 115200, unawasha. Maandishi yakianza kushuka, prosesa iko hai. Yakisimama pale inaposoma kumbukumbu, umeshajua pa kuanzia. Skrini ya laptopu ikibaki tupu kabisa, ama programu ya kuamshia imefutika au prosesa ndiyo yenye shida.

Kisha linakuja suala la faili, na hapa ndipo runinga nyingi huuawa na mikono ya watu. Jina lililoandikwa kwenye fremu halikusaidii. Nenda Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, utakuta runinga za majina matano tofauti ambazo ndani zimefungwa mazabodi ya aina moja. Kinachotazamwa ni namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, mfano TP.MS3663S.PB801, pamoja na namba ya kioo iliyo kwenye stika mgongoni mwake. Bodi moja inaweza kuendesha kioo cha 1366 kwa 768 au cha 1920 kwa 1080, na faili ni tofauti. Ukikosea mpangilio wa rangi, nyuso za watu zinaonekana kama negativu ya picha. Ukikosea mwelekeo, picha inasimama kichwa chini. Hayo yanarekebishika. Lisilosameheka ni kubadilisha bodi bila kuangalia kijampa cha volti za kioo: kioo cha volti 5 ukikipelekea 12, umekiua ndani ya sekunde, na kioo ndiyo runinga.

Faili likipatikana, bodi nyingi hupokea kwa flashi. Iwe ndogo, imefomatiwa FAT32, na faili liachwe na jina lake kamili. MStar nyingi hutafuta MstarUpgrade.bin, ukilibadilisha hailioni. Unachomeka flashi runinga ikiwa haina umeme, unabonyeza kitufe cha kuwashia kilicho kwenye runinga yenyewe bila kuachia, unarudisha umeme. Taa ikianza kupepesa, ondoa mkono na usiguse kitu mpaka iwake yenyewe.

Flashi hukataa pale programu ya kuamshia nayo inapokuwa imeharibika. Hapo chipu inang'olewa au kubanwa kwa kibanio, na kusomwa kwa programa, yaani kifaa cha kusoma na kuandika chipu. Programa nyeusi ya CH341A iliyojaa madukani ina ila inayojulikana: hupeleka volti 5 kwenye njia za data wakati chipu imetengenezwa kwa 3.3, na zipo za 1.8. Irekebishe kwanza au tafuta nyingine. Jambo la pili, soma na utunze nakala ya kilichomo kabla ya kufuta chochote, hata kama unaamini kimeharibika. Ndani yake kuna anwani ya mtandao na funguo za ulinzi wa video ambazo ni za runinga hiyo pekee. Ukibandika nakala nzima ya runinga ya jirani, itawaka vizuri, mteja atashukuru, kisha jioni atapiga simu: "Fundi, mbona Netflix inagoma?"

Kwa eMMC iliyochakaa, kuandika upya ni kununua muda. Itafanya kazi kwa muda, kisha itarudi palepale kwenye nembo. Dawa ni kubadilisha chipu, kazi ya kipulizia hewa moto na mkono uliozoea, na si kila kibanda kinaiweza.

Kwa hiyo ukipeleka runinga yako, muulize fundi mambo mawili kabla hajafungua: amepanga kutunza nakala ya programu ya zamani, na faili jipya atalichagua kwa namba ya bodi na ya kioo au kwa jina la kampuni? Akijibu kwamba jina la kampuni linatosha, beba runinga yako uende kwa mwingine.